Maswali ya Wasomaji: Gari la Kasi Lifanyiwe Servisi Lini?

SWALI: Bwana Mhariri, nakusalimu kutoka Njoro, Kaunti ya Nakuru. Miezi mitatu iliyopita nilipokea gari nililoagiza kutoka Japani, Subaru WRX STI la mwaka 2018, likiwa limetembea kilomita 92,000. Kitabu cha servisi kilichokuja nalo kimeandikwa Kijapani, na sielewi hata mstari mmoja. Gereji moja mjini Nakuru iliniambia nimwage oili kila kilomita 10,000 kwa kuwa ni ya sintetiki. Fundi mwingine ameshikilia kwamba ni kila kilomita 3,000, tena nisithubutu kupitisha. Jirani yangu, ambaye amemiliki Subaru kwa miaka mingi, ananiambia nisubiri taa iwake. Kila baada ya wiki mbili huenda Kisumu kumwona mama kupitia Mau Summit na Kericho, na kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni kilomita sita za murramu. Nimfuate nani, na mbali na oili ni kitu gani kingine chenye muda wake? — Msomaji, Njoro

JIBU: Ndugu yangu wa Njoro, hao watatu wamekupa jibu kabla hawajakuuliza unaliendesha gari wapi na vipi. Muda wa servisi hupimwa kwa vitu viwili vinavyokwenda sambamba, yaani kilomita na miezi, na kinachotangulia kufika ndicho kinachofuatwa. Isitoshe, watengenezaji huweka ratiba mbili: moja ya matumizi ya kawaida, na nyingine ya matumizi magumu ambayo muda wake hufupishwa, mara nyingi hadi nusu. Matumizi magumu si mashindano ya mbio peke yake. Ni vumbi, ni safari fupifupi ambazo injini haipati joto lake kamili, ni kupanda milima mara kwa mara na kuteremka huku mguu uko kwenye breki. Murramu yako ya kila siku na safari ya Mau Summit vimekwisha kukuweka katika ratiba ya pili, na nitakujibu kwa kuifuata hiyo.

Kabla ya kumwaga hata tone la oili, hakikisha kwamba gari lako ni STI kweli. Tazama namba ya chesi. Ikianza kwa VAB, una STI yenye injini ya EJ20 ya lita 2.0, giaboksi ya mkono ya gia sita, na mkanda wa taimingi wa mpira, ule unaozifanya vali zifunguke na kufungwa kulingana na mwendo wa pistoni. Ikianza kwa VAG, una WRX S4, ambayo kwa sura ni kama pacha wake, lakini ndani yake mna injini ya FA20 inayotumia mnyororo badala ya mkanda, pamoja na giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Ratiba za magari hayo mawili hazifanani. Nimewahi kukutana na mwenye S4 aliyetozwa pesa za mkanda ambao gari lake halikuwa nao tangu litoke kiwandani, naye alikuwa amelipa bila kuuliza kwa sababu gereji iliyomhudumia ilikuwa kubwa na safi. Nitaendelea nikichukulia kwamba lako ni VAB.

Usikikatie tamaa kitabu chako cha Kijapani. Herufi huwezi kuzisoma, lakini tarakimu ni zilezile tunazotumia sisi. Fungua mlango wa dereva, kisha chunguza ukingo wa bodi pale mlango unapofungia. Mara nyingi utakuta stika ndogo iliyobandikwa na fundi wa huko baada ya kubadilisha oili, ikiwa na tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao: mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei ni 2018, na mwaka wa 5 wa enzi ya Reiwa ni 2023. Ukiona R5 au tarakimu 5 mahali pa mwaka, usidhani kwamba ni mwezi wa Mei. Fungua boneti pia uangalie kama kuna stika ya aina hiyo karibu na kifuniko cha mkanda wa taimingi, kwa kuwa mafundi wa Japani wana desturi ya kuandika kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Usipoiona, chukulia kwamba mkanda ulio ndani ni ule wa kiwandani.

Kuna jambo jingine ambalo waagizaji wengi hawalihesabu. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo magari mengi yanayoshuka Mombasa yana umri wa miaka saba hivi. Nchini Japani, gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, yaani katika mwaka wa tatu, wa tano na wa saba. Mwenye gari wa Kijapani anayekaribia ukaguzi wa mwaka wa saba, na ambaye kilomita zake zinakaribia 100,000, anaona mbele yake gharama za ukaguzi, mafuta ya breki, na mkanda wa taimingi, vyote kwa mpigo. Huo ndio wakati ambao wengi huamua kuuza. Gari linafika kwetu likingʼaa, huku servisi yake kubwa kuliko zote ikiwa haijafanywa. Kwa sababu hiyo, mtu aliyepokea gari kama lako asiulize servisi ijayo ni lini. Aanze na servisi ya msingi, abadilishe kila kimiminika, aandike tarehe na kilomita, na hesabu yake ianzie hapo.

Sasa tuje kwenye oili. Kwa EJ20 yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, katika mazingira yako, mimi nashikilia kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, pamoja na filta mpya kila mara, kwa oili ya sintetiki ya 5W-30 au 5W-40. Fundi wako wa kilomita 3,000 hajakosea kwa mtu anayelikimbiza gari uwanjani kila wikendi, ila kwako atakumaliza mfuko bila faida kubwa. Wale wa 10,000 ndio ninaowaogopa. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoutenganisha na beringi zake ni utando mwembamba wa oili iliyo jirani na moshi wa moto kabisa. Oili ileile ndiyo inayokinga bushi za konrodi (fito zinazounganisha pistoni na kranki), ambazo katika injini za EJ zenye turbo ndizo mahali pa kwanza kufa oili inapopungua au inapochoka. Juu ya hayo, mwinuko unaongeza mzigo. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Mau Summit inapanda hadi karibu mita 2,500. Hewa huko juu ni nyepesi, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kusukuma kiasi kilekile, na hewa inayotoka ndani yake huwa na joto zaidi.

Ushauri wa jirani yako, nakusihi, usiufuate kamwe. Taa nyekundu ya oili haisemi kwamba wakati wa servisi umefika, wala haisemi kwamba oili imepungua kidogo. Inasema kwamba shinikizo la oili limeanguka, na kwamba vyuma vinaanza kusagana wakati huohuo unapoitazama. Injini hizi hunywa oili kidogo hata zikiwa nzima, kwa hiyo uangalie kijiti cha kupimia kila unapojaza petroli mara ya pili. Egesha mahali palipo tambarare kabisa, kwa kuwa injini ya EJ imelala kwa ubavu na mteremko mdogo tu unaupotosha usomaji. Zima injini, subiri dakika tano oili ishuke, futa kijiti, kichomeke hadi mwisho, kisha ukitoe na usome pande zote mbili. Tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ni karibu lita moja, na injini nzima inabeba lita nne na ushee tu. Ukiwa kwenye alama ya chini, umekwisha kupoteza karibu robo ya kinga yake.

Siku ya kumwaga oili, simama hapo gereji mwenyewe. Mwombe fundi aichuje oili ya zamani kwenye kitambaa cheupe, kisha ukipeleke kitambaa juani. Weusi usikutie hofu, kwa sababu oili inayofanya kazi lazima iwe nyeusi. Unachotafuta ni chembe zinazometameta, za rangi ya shaba au ya fedha, laini kama unga, ambazo zinaonekana ukikipindua kitambaa polepole. Ukiziona nyingi, gari lisiende Kisumu wiki hiyo hata kama halipigi kelele yoyote.

Filta ya hewa ya gari linalopita murramu haitamaliza muda ule iliopangiwa na watengenezaji waliofikiria lami ya Japani. Itazame katika kila servisi, na usikubali ipulizwe kwa hewa ya kompresa na kurudishwa, kwa kuwa upepo ule hutoboa karatasi na vumbi laini la Njoro hupita moja kwa moja hadi kwenye ringi za pistoni.

Mkanda wa taimingi ndio unaonifanya nikuandikie kwa urefu. Muda wake unaokubalika ni kilomita 100,000, na wako ulikuwa umebakiza 8,000 ulipolipokea gari, lakini kwa hesabu ya umri mpira wake umekaa kwenye joto la injini tangu 2018. Ubadilishe sasa. Katika injini hii pistoni na vali hupishana mahali pamoja kwa zamu, hivyo mkanda ukikatika au ukiruka meno kadhaa, pistoni huzipiga vali na kuzipinda, na gharama yake hukaribia kununua injini nyingine. Mwaka jana niliitwa kuangalia gari kama lako lililozimika ghafla likiwa safarini karibu na Salgaa. Tulipofungua kifuniko, mkanda wenyewe ulikuwa bado una meno mazuri. Kilichokufa kilikuwa roli moja ndogo inayouongoza: beringi yake ilikauka grisi, ikakwama, ikausaga mkanda ukingoni hadi ukachanika kama utepe. Mwenye gari alikuwa amebadilisha mkanda peke yake miaka miwili kabla, akaacha roli za zamani ili kupunguza gharama. Kwa hiyo nunua seti kamili: mkanda, kikaza mkanda, roli zote, pamoja na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo inazungushwa na mkanda huohuo, na kuifikia baadaye ni kuirudia kazi nzima.

Umchague fundi wa kazi hii kwa uangalifu. Injini ina puli nne za kamshafti, mbili kila upande, na zile mbili za upande wa kushoto hukaa zikiwa zimesukumwa na springi za vali. Mkanda ukitolewa bila puli hizo kushikiliwa kwa kifaa chake, zinaweza kuruka zenyewe na kupinda vali gari likiwa limesimama gereji, hata kabla ufunguo haujaguswa. Mwulize fundi atazishikaje. Atakayekuonyesha kifaa, au akakueleza kwa utulivu hatua anazofuata, mwachie gari. Atakayekucheka, chukua ufunguo wako uende.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama gari halikutembea, kwa kuwa yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani kupitia mipira na kifuniko. Kiwango cha mafuta ya breki kiitwacho DOT 4 kinadai mafuta mapya yachemke si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Ukiwa kwenye mteremko wa kutoka Kericho kuelekea tambarare za Kano, nyuma ya lori la miwa, breki zikiguswa kila dakika, joto hilo linafikika. Maji yakigeuka mvuke ndani ya mrija, mguu unazama hadi sakafuni na gari halisimami. Mafuta mapya yana rangi ya asali nyepesi. Yakifanana na chai ya rangi iliyokolea, yamekwisha.

Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ya buluu iliyowekwa kiwandani imeundwa kudumu miaka mingi, ila muda huo unahesabika tu kama hakuna aliyeongeza maji ya mfereji. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana chumvichumvi na floridi nyingi, na injini hii ni ya alumini. Kwa kuwa hujui yaliyopita, imwage yote na uweke mpya ya aina inayokubaliwa na mtengenezaji, ikiwa imechanganywa na maji yaliyosafishwa.

Oili ya giaboksi katika STI inahudumia pia difu ya mbele kwa pamoja, na difu ya nyuma ina oili yake peke yake. Zote mbili ni 75W-90 ya daraja la GL-5, na kwa matumizi yako nashauri kilomita 40,000. Plagi za iridiamu hudumu sana, lakini kwa turbo mimi huzitazama kufikia kilomita 60,000. Zimelala ubavuni mwa injini, karibu na ukuta wa bodi, na kuzifikia ni kazi ya kutoa jasho, kwa hiyo wapo wanaotoza pesa bila kuzigusa. Omba ukabidhiwe zile za zamani mkononi. Tairi zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawa, kwa sababu tairi moja mpya kati ya tatu zilizolika huilazimisha difu ya kati kufanya kazi kila sekunde.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu petroli, ingawa hukuuliza. STI ya soko la Japani iliundwa kwa petroli ya oktani ya juu (oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kutojilipua mapema), ambayo kule huwa si chini ya 96 na aghalabu hufika 100. Super ya kawaida inayouzwa katika vituo vyetu haifikii hapo. Nunua ile ya daraja la juu kabisa unayoweza kuipata Nakuru na Kisumu, na usilikamue gari kwa gia kubwa mlimani injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, kwa kuwa hapo ndipo petroli hujilipua kabla ya wakati na kuvunja kingo za pistoni. Hakuna ratiba ya servisi inayoweza kurekebisha pistoni iliyopasuka.

SWALI: Mhariri, mimi naishi Milimani, Kisumu, na nina Toyota 86 ya mwaka 2017 ambayo naipenda kama mwanangu. Naiendesha kwenda kazini, kilomita tatu hivi, na Jumapili kanisani. Kwa mwaka mzima haizidishi kilomita 2,500. Kitabu kinataja kilomita 10,000 kwa oili. Je, ni kweli naweza kukaa miaka minne bila servisi? — Msomaji wa kike, Kisumu

JIBU: Dada yangu, hapana. Gari lako linapata taabu ambayo haionekani kwenye mita. Injini ya lako ni FA20 isiyo na turbo, iliyotengenezwa na Subaru kwa ajili ya Toyota, nayo inatumia oili nyepesi ya 0W-20. Kwa safari ya kilomita tatu, maji ya kupozea yanaweza kupata joto na sindano ya kwenye dashibodi ikakuonyesha kwamba mambo ni shwari, lakini oili yenyewe huchelewa sana kupata joto. Kila unapowasha injini baridi, petroli kidogo na mvuke wa maji huteleza kando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Katika safari ndefu, joto huvikausha vyote. Katika safari zako, vinabaki na kuongezeka asubuhi baada ya asubuhi. Fungua kifuniko cha kujazia oili siku moja baada ya kurudi kutoka kazini, ukipitishe kidole upande wake wa ndani. Ukikuta ute wa rangi ya maziwa ya kahawa, hayo ndiyo maji ninayoyasema.

Badilisha oili na filta kila baada ya miezi sita, au kwa uchache mara moja kwa mwaka ikiwa utakubali kulitembeza gari mara moja kila wiki mbili kwa safari ya nusu saa bila kusimama. Kutoka Kisumu hadi Ahero na kurudi panatosha kabisa, na kutakupa nafasi ya kuzisikiliza breki. Disko za gari lililoegeshwa karibu na ziwa, penye unyevu wa Kisumu, hushika kutu usiku mmoja tu wa mvua. Kutu hiyo ya juu husafishwa na breki za kwanza za asubuhi, lakini gari likikaa wiki nzima, kutu huchimba mashimo chini ya pedi na usukani huanza kutetemeka unapopunguza mwendo.

Mafuta ya breki ni yaleyale niliyomweleza ndugu wa Njoro, miaka miwili, na kwako unyevu wa hewa ni sababu ya ziada ya kutochelewa. Betri isiyopata safari ndefu haijai, na ikikaa nusu tupu muda mrefu inakufa ingali changa. Tairi nazo ziangalie kwa umri, kwa sababu kwa kilomita zako hazitalika hata siku moja. Ubavuni utakuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Kama hizo ndizo tairi zilizokuja na gari, mpira wake umekauka hata kama nakshi zinaonekana mpya, na kwenye barabara yenye maji hazitashika. Mimi sipandi gari la kasi lenye tairi zilizopita miaka kumi, na kuanzia mwaka wa sita huzikagua kwa mwangaza mkali nikitafuta nyufa ndogo kati ya nakshi.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Subaru Forester ya turbo, na kila jioni hupanda kutoka Chemelil hadi Nandi Hills. Marafiki zangu wanasema ni lazima niiache injini ikinguruma dakika tano kabla ya kuzima, la sivyo turbo itaungua. Wengine wananicheka na kuniambia huo ni uzushi wa zamani. — Kijana, Nandi Hills

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kila upande una sehemu ya ukweli. Turbo za zamani zilipozwa na oili peke yake. Injini ilipozimwa ikiwa moto, oili iliyobaki ndani ya beringi iliungua na kuganda kama masizi, na baada ya miezi kadhaa njia yake ikaziba. Turbo ya Subaru yako imezungukwa na maji pia, na kuna tangi dogo la kulanti lililowekwa juu kuliko turbo yenyewe. Injini ikizimwa, maji ya moto yanapanda kwenye tangi na ya baridi yanashuka mahali pake, hivyo turbo inaendelea kupozwa kwa muda bila pampu. Kwa mtu anayetembea taratibu mjini, kusubiri dakika tano ni kuchoma petroli bure.

Wewe, hata hivyo, unapanda ukingo wa milima ya Nandi, na unafika nyumbani turbo ikiwa imetoka kwenye kazi ngumu kabisa ya siku yake. Kilomita moja au mbili za mwisho, ziendeshe polepole bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha ukifika langoni uiache injini kwa muda wa kufungua geti na kuingiza gari. Hiyo inatosha. Tangi dogo hilo la juu ndilo linalofanya kazi ukishazima, kwa hiyo angalia kiwango cha kulanti ndani yake mara moja kwa mwezi asubuhi injini ikiwa baridi, na usikifungue kifuniko chake kamwe jioni baada ya kupanda mlima.

Kama kuna kitu cha kukukosesha usingizi, kiwe ni oili. Baadhi ya injini za EJ zenye turbo zina wavu mdogo sana wa chujio ndani ya bolti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo, na oili iliyokaa muda mrefu huacha uchafu unaouziba. Turbo hufa kwa kiu huku kijiti kikionyesha oili tele. Waulize mafundi wako kama lako linao, na servisi ijayo utolewe, utazamwe na usafishwe, au ubadilishwe kabisa.